Masika yanakuja, mama mkwe hawezi kutembea, na mimi nakaa Kigogo. Nianzie wapi?

MamaWawili

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu. Mwenye hotuba ya "kwani nani aliwatuma mkakae bondeni" aihifadhi, nimeshaisikia kwa sauti zote. Chumba na sebule huku nalipa elfu themanini na kazini naenda kwa miguu. Hilo tumelimaliza.

Niko Kigogo, Dar es Salaam, upande wa chini. Kutoka mlangoni kwangu hadi Mto Msimbazi ni kama hatua mia mbili nikiwa na mtoto mgongoni. Tupo wanne ndani: mimi, mwanangu wa darasa la tatu, mdogo wake wa mwaka na miezi mitatu, na mama mkwe aliyepata kiharusi mwaka juzi, upande wake wa kulia haufanyi kazi. Baba watoto ni dereva wa malori, njia yake ni Tunduma, kwa hiyo kwa mwezi tunamwona siku nane, tukibahatika tisa.

Masika iliyopita maji yaliingia saa nane usiku. Mvua haikuniamsha, maana pale kwetu yalikuwa manyunyu tu. Kilichoniamsha ni ndoo. Ndoo ya plastiki iliyokuwa chini ya meza ilianza kuelea, ikawa inagonga mguu wa kitanda, ko, ko, ko. Nikajua panya. Nashusha mguu nimfukuze, maji haya hapa, muundini.

Sasa sikieni akili yangu ilivyonituma. Kitu cha kwanza nilichookoa ni televisheni. Nikaipandisha juu ya kabati, nikaifunika khanga, nikarudi tena kuisogeza isije ikaanguka. Kisha nikaenda kupambana na kapeti! Kapeti limeshalowa lote, zito kama ng'ombe aliyelala, na mimi navuta tu. Mama mkwe yuko kitandani ananiita kwa ile sauti yake inayokatika: "Mtoto... mtoto..." Kugeuka, yule wa darasa la tatu kasimama juu ya stuli, kambeba mdogo wake wa miezi mitatu, na maji yako magotini kwangu.

Vijana wawili wa nyumba ya pili ndio waliomtoa mama mkwe, mmoja mikono, mmoja miguu, na ule mkono mgonjwa ukaburuzika kwenye tofali mlangoni. Kovu analo mpaka leo. Tulikaa mpaka asubuhi kwenye baraza la duka huko juu barabarani.

Kulipokucha nikahesabu. Televisheni ipo, haina hata tone. Vilivyokwenda na maji: mfuko wa dawa za presha za mama, kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, kitambulisho cha NIDA cha mama, daftari la vikoba, na sufuria moja kubwa la kuazima ambalo sitaki hata kulizungumzia.

Mwaka huu sitaki kurudia ujinga ule. Nina elfu sitini niliyoitenga kwa ajili hii tu. Ninunue nini, nifanye nini? Na huyu mama tunamtoaje bila kumchubua tena?

KomandoMbezi

Dada, pole sana. Andaa begi la saa 72. Weka: maji lita 4 kwa mtu kwa siku, vyakula vya kopo, redio ya betri, tochi ya kichwani, filimbi, kamba ya mita 15, kisu cha kazi nyingi, blanketi la foili, vifaa vya huduma ya kwanza, nakala za nyaraka kwenye flashi, na viatu vya kupanda mlima. Begi likae mlangoni muda wote.

MamaWawili

Asante kaka Komando. Lita 4 mara watu wanne mara siku tatu ni lita 48. Yaani nimbebe mama mkwe, mtoto, na kilo 48 za maji, nikiwa nimevaa viatu vya kupanda mlima. Halafu blanketi la foili, Dar es Salaam, mwezi wa nne. Tutaiva kama samaki wa soko la Feri.

Filimbi nimeipenda lakini.

MzeeWaBonde

Binti, marhaba, najua ulikuwa unakuja kunisalimia.

Nilikaa Jangwani tangu 1983. Nilitolewa na yale maji ya Desemba 2011, hata wiki mbili hazijapita tangu sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Mimi ni mmoja wa waliopelekwa Mabwepande tukapewa viwanja, tukaanza maisha kwenye mahema tukiwa watu wazima na wajukuu. Kwa hiyo hili siliongei kutoka kitabuni.

Begi la Komando si baya. Ila usiku ule, hata ungekuwa nalo, lingeelea pamoja na ndoo. Wewe ulichelewa kujua. Ukijua saa mbili usiku kwamba maji yanakuja saa nane, hata mfuko wa rambo unatosha kuhamisha nyumba.

Sasa mto ule unapotokea. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe huko, unapita unakusanya na mito midogo ya Ubungo na Sinza, na mdomo wake uko baharini pale Daraja la Salender. Wewe uko katikati. Ndiyo maana kwako yalikuwa manyunyu na bado ukaogelea: mvua yako ilinyesha kwa wenzio. Usitazame mawingu ya Kigogo, tazama ya Pugu. Tafuta mtu Pugu au Gongo la Mboto, ndugu, mteja, mtu wa kanisani au msikitini, mpeane namba. Mvua kubwa ikinyesha kwake saa moja au mawili mfululizo akubipu tu.

Halafu kuna bahari. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwandamo, maji ya bahari yakijaa mto unakosa pa kumwagia, unarudi nyuma kutafuta nafasi, na nafasi yenyewe ni vyumba vyetu vya bondeni. Sisi wa Jangwani tulikuwa tunauliza wavuvi wa Feri kabla ya kulala. Walitucheka, lakini walijibu.

TMA, watu wa hali ya hewa, nao wasikilize vizuri, usisikie neno "mvua" tu ukazima redio. Wana madaraja yao: angalizo, halafu tahadhari, halafu tahadhari kubwa, na kila moja ina rangi yake. Likitoka angalizo, panga vitu. Ikitoka tahadhari kwa Dar es Salaam, mama mkwe anaondoka siku hiyohiyo, mchana, kwa bajaji, amevaa vizuri kama anakwenda harusini. Maji yasipokuja, amepata matembezi. Mgonjwa anaondoka na tangazo, hasubiri maji.

Ninyi mnaobaki mjiwekee alama. Isiwe ndani, ndani ni kuchelewa. Chagua nguzo au ukuta ulioko chini yenu, karibu na mto, mahali mnapoweza kumulika tochi. Piga mistari miwili ya rangi nyekundu. Maji yakigusa wa chini, watoto wanavaa viatu na nyaraka zinabebwa. Yakigusa wa juu, mnatoka, hata kama ugali umeshasongwa. Hakuna mjadala wala kuulizana "unaonaje". Sisi tulikuwa na mjadala. Jirani yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatoka na familia yake yote salama, akarudi kufuata pikipiki. Pikipiki tuliipata siku iliyofuata, imesimama palepale alipoiegesha. Yeye tulimpata siku ya tatu.

Maji ya mto hayana magoti wala kiuno, yana kasi. Yakikimbia, hata ya chini ya goti yanamwangusha mwanaume mzima. Na chini yake huoni mtaro uko wapi wala shimo la choo liko wapi. Ukilazimika kupita, shika fimbo ndefu, gusa kwanza ndipo ukanyage.

Kumbeba mama: kiti cha plastiki chenye mikono. Mkalishe, mfunge kwa kitenge kifuani na kingine kiunoni, ule mkono mgonjwa uwe ndani ya kitenge. Mmoja ashike egemeo nyuma, wawili washike miguu ya mbele, kila mmoja wake. Mfanye mazoezi mchana, mama mwenyewe akiwepo, acheke nanyi. Usiku ule walimbeba kama gunia kwa sababu hawakuwa wamewahi kufikiria.

Na mpange zamu. Nyumba sita zenye watu wazima wawili wawili, kila mmoja saa moja ya kukaa macho na filimbi ya Komando, usiku wote umeisha.

Swali langu moja tu ambalo hukuligusa: mnakwenda wapi?

FundiBreka

Dada yangu, Mzee amemaliza, mimi naongeza ya umeme maana hiyo ndiyo kazi yangu, na baada ya mafuriko huwa naitwa sana, mara nyingine nachelewa kuitwa.

Kabla maji hayajaingia, zima swichi kubwa. Mwonyeshe na mwanao wa darasa la tatu ilipo, ajue kuizima kwa mkono mkavu akiwa amesimama pakavu. Ukikuta maji yameshaingia na wewe umesimama ndani yake, USIGUSE kitu chochote cha umeme. Toka, waambie wapangaji wenzako, wapigieni TANESCO wakate kwenye nguzo. Hizi nyumba za kupanga mita ni moja ya Luku kwa vyumba vinane, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anazima. Nimewahi kuona mtu anazima, mwenzake anawasha kwa sababu mpira haujaisha.

Ekstensheni iliyolala sakafuni ipandishe leo. Usisubiri masika. Dakika tano na misumari miwili.

Maji yakishatoka, usiwashe kwanza. Soketi zikilowa zinaonekana kavu kwa nje huku ndani kuna tope. Friji vilevile, ukiharakisha unachoma mota. Fundi afungue, zikauke, apime.

Mtungi wa gesi: funga koki, chomoa, ufunge kwa kamba kwenye kitu kizito maana mtungi unaelea na ukielea unagonga. Mkirudi mkasikia harufu ya gesi, msiguse swichi, fungueni milango. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya pembeni, kwa hiyo pepea kuanzia chini. Na jiko la mkaa msiingize chumba kilichofungwa eti kukausha nyumba. Moshi wake unaoua hauonekani wala haunuki.

Namba: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 polisi. Ziandike ukutani kwa mkaa kama huna kalamu. Na simu janja hizi ziache zikae na picha zao, nunua kiswaswadu kimoja cha tochi, chaji inakaa siku nne.

SistaWaZamu

Dada pole kwa kadi ya kliniki. Mimi ni muuguzi, nakaa Mabibo, nawaona mkija.

Dawa za mama ndizo zimenishtua kuliko yote. Mtu aliyeshapata kiharusi akikaa wiki bila dawa ya presha ni hatari kuliko hayo maji. Siku ukienda kuchukua dawa za mwezi, mwambie daktari ukweli kwamba unakaa bondeni, uliza kama unaweza kuongezewa za wiki mbili. Za wiki moja zifunge kwenye nailoni mbili, ziwe ndizo za safari. Kila mwezi zibadilishe na mpya, hizo za zamani zianze kutumika, zisije zikaisha muda zikiwa zimefichwa. Andika kwenye karatasi jina la dawa, miligramu ngapi, mara ngapi. Wagonjwa wengi wanakuja wananiambia "ile nyeupe ndogo". Sista, zote ni nyeupe ndogo! Na ikitokea amekosa siku mbili, asimeze mara mbili kufidia.

Maji ya kunywa. Hizo lita 48 za kaka wa juu kweli hazibebeki, lakini unaweza kubeba vidonge vya kutibu maji, pakiti nzima haizidi kiganja. Soma pakiti, vipo vya ndoo ya lita 20 na vipo vya madumu madogo, ukitia subiri nusu saa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, ukitia dawa kwenye tope umetibu tope. Baada ya mafuriko vyoo vya shimo vyote vya bondeni vinakuwa vimemwagika kwenye hayohayo maji mnayokanyaga, na kipindupindu kinafuata nyuma kama mkia.

Weka ORS, ile ya kuharisha, pakiti sita na vidonge vya zinki vya mtoto. Kama hakuna ORS: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Mdogo kama bado ananyonya usimwachishe kipindi hicho.

Mwenye kidonda asiingie kwenye hayo maji peku. Mkojo wa panya humo unaleta homa ya mgunda, ndiyo ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022.

MamaWawili

Nimerudi baada ya siku nne. Shikamoo Mzee, samahani nimechelewa.

Taarifa ya elfu sitini. Ndoo mbili za rangi zenye mfuniko wa kubana, kutoka kwa fundi rangi wa mtaani, elfu nane zote mbili. Nimezisugua siku zote hizi bado zina harufu, lakini maji hayaingii: nimezijaribu kwenye karo, nimeweka karatasi ndani nikaikandamiza, ikatoka kavu. Moja ya nyaraka, ya pili ya dawa, nepi, pakiti za ORS na vidonge vya maji. Zina mshikio, na zikinitoka mkononi zinaelea. Kiswaswadu elfu ishirini na mbili. Filimbi mbili. Rangi nyekundu kopo dogo. Vidonge, ORS na zinki. Elfu kumi na tano iliyobaki nimeiweka taslimu, noti za elfu na elfu mbili, ndani ya ndoo ya nyaraka, maana usiku ule salio la kwenye simu lilikuwepo ila simu ilikuwa imezimika na wakala amefunga.

Vyeti vya watoto nimeanza upya RITA. Cha mama cha NIDA, nimeshachukua ripoti ya upotevu polisi. Nimepiga picha kila kitu nikamtumia baba watoto, na yeye akanijibu "poa". Wanaume.

Mistari nimepiga kwenye nguzo ya daraja dogo la miguu. Mjumbe alikuja juu, ananiuliza nani kaniruhusu, nikamsomea maneno ya Mzee mwanzo mwisho. Kesho yake akaja na watu wa nyumba nne, sasa zamu zipo, na dereva wa bajaji wa kijiweni amekubali kuja kwa elfu sita hata usiku, ili mradi asiitwe maji yakiwa yameshafika barabarani.

Kiti tumefanyia mazoezi Jumamosi. Mama mkwe alicheka mpaka kitenge kikalegea. Akasema amebebwa kama bibi harusi wa Kizaramo, ila wabebaji wananuka jasho. Kisha tulipomweka chini akaacha kucheka, akasema yeye haendi popote, tumwache, sisi tukimbie na watoto. Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, kwa sababu Mzee uliniuliza tunakwenda wapi na mimi nililikwepa hilo swali.

Ukweli ni huu. Ndugu pekee mwenye nyumba mahali pa juu ni wifi yangu, Kimara. Na wifi hatusemeshani. Lile sufuria kubwa lililokwenda na maji ni lake. Nililiazima kwenye msiba wa baba mkwe, nikakaa nalo miezi, Msimbazi ukalichukua, na mimi badala ya kwenda kumwambia nikaacha kupokea simu zake. Mwaka mzima sasa. Mama mkwe anajua, ndiyo maana hataki kuwa mzigo katikati ya ugomvi wa wanawe.

MzeeWaBonde

Mpigie sasa hivi. Mvua haijaanza.

SistaWaZamu

Mpigie sista. Sufuria tu!

FundiBreka

Sufuria la saizi gani? Maana kuna yale ya kilo ishirini za mchele, hayo si "tu".

MamaWawili

Fundi, ni hilohilo la kilo ishirini.

Nimempigia. Nilianza na salamu ndefu mpaka salio likaanza kuniogopesha, nikaeleza yote, mafuriko, mkono wa mama, sufuria. Kimya. Nikadhani amekata. Kumbe analia, hakuna aliyemwambia kuwa mama yake alibebwa usiku ule kwenye maji. Kaka yake hakumwambia. Mimi sikumwambia.

Amesema chumba cha nyuma kitakuwa tayari kabla ya Machi, na mama aje hata kesho asisubiri TMA. Watoto na mimi tukija usiku tugonge dirisha la kushoto, la kulia kuna mbwa.

Halafu kabla ya kukata: "Na ukija, uje na sufuria. Sijali utalitoa wapi."